Kivuli Kisichokunywa Uji

Hidaya alikuwa akivuta pumzi saba kwa dakika. Nilihesabu mara mbili, nikiwa nimesimama kando ya kitanda chake na mkoba ungali begani, kwa sababu hesabu ya kwanza sikuitaka.

"Unamtazama nini hivyo?" dada yangu Mwanahawa aliuliza kutoka mlangoni. "Mwache mzazi alale."

"Amelala tangu saa ngapi?"

"Tangu alipomaliza uji, saa tatu. Na usinifanyie uso wa hospitali, Saumu. Dawa yenu nzuri, nakusifu mbele za watu. Mimi nilipopasuliwa kumzaa huyu, wiki tatu sikuweza kucheka wala kupiga chafya. Yeye leo siku ya kumi na mbili, anatabasamu tu. Mtoto akilia anamsikiliza kama redio ya jirani."

Mtoto alikuwa akilia kwa kweli, mikononi mwa dada, bibi yake, kwa sauti ya kiumbe aliyeomba jambo muda mrefu bila kujibiwa. Mama yake hakugeuka. Nilimfungua Hidaya kope kwa kidole gumba. Pazia lilikuwa limeshushwa, na katika chumba chenye kiza kile mboni ilipaswa kuwa pana. Niliikuta ndogo kama tundu la sindano.

Nilitoa mkobani kipinzani, dawa ya kuwazindua waliozidiwa na afyuni, nikampulizia puani, nikamkalisha, nikamwita jina lake karibu na sikio. Ilipita dakika moja na nusu. Kisha alivuta hewa kama mtu aliyeopolewa kisimani, akakamata mshono wake kwa mikono miwili, akapiga ukelele.

Mwanahawa alinisukuma begani. "Umemfanya nini mwanangu?"

"Nimemrudishia maumivu yake," nikasema.

"Mama mdogo," Hidaya akanong'ona huku machozi yakimtoka, "nilikuwa pazuri. Kwa nini umenitoa?"

Nililoliona katika mboni ile halikuwezekana, na aliyethibitisha kwa sahihi yake kwamba halikuwezekana ni mimi.

Dawa aliyokuwa akitafuna ni jani la mnyamazo. Kichaka hicho asili yake ni milima ya Usambara, ambako wapasua mbao walilitafuna jani lake wapate kubeba magogo bila kuhisi mabega. Ndani yake mna kemikali ambayo si afyuni wala si ndugu wa afyuni, ila inaingia katika vipokezi vilevile, kama ufunguo wa jirani unaofungua kufuli lako. Vipokezi hivyo vipo mahali pengi. Vilivyo kwenye ncha za neva, pale kwenye jeraha, huzima habari ya maumivu kabla haijaondoka. Vilivyo ndani ya ubongo hufanya kazi nyingine tatu: humfurahisha mtu bila sababu, humfanya atake tena kesho, na katika shina la ubongo hupunguza pumzi. Kwa miaka elfu kadhaa binadamu ametafuta kazi ile ya kwanza bila hizi tatu, na kwa miaka hiyo yote amezipata zote nne pamoja.

Taasisi yetu ilidai kuzitenganisha. Mishipa ya damu ya ubongo imejengwa kwa seli zilizobanana kuliko za mahali popote mwilini. Kitu chenye kupendana na mafuta kinaweza kupenya, lakini ndani ya seli hizo mna pampu ndogo, walinzi wasio na akili wala huruma, ambazo hukamata zisichokitaka na kukitupa nyuma kwenye damu. Tulikibadili kichaka ili kemikali yake iote mkia ambao pampu hizo huutambua. Inaingia, inakamatwa, inarudishwa. Jeraha linatulia, akili inabaki kwa mwenyewe. Tuliupanda mnyamazo katika ua wa kila zahanati ya mkoa: jani moja asubuhi, jani moja jioni, kwa kila mwanamke aliyejifungua kwa kupasuliwa.

Hatukuijaribu dawa hiyo kwa mtu. Ulikuwa mwaka wa kumi na nne tangu sheria ipige marufuku kumjaribia binadamu dawa yoyote, sheria njema, iliyotungwa kwa sababu ambazo hakuna mtu mwenye aibu angezipinga. Badala ya watu tulitumia vivuli: miili ya hesabu ndani ya mashine, kila mmoja na ini lake, damu yake, uzito wake na urithi wake. Ukuta wa ubongo wa vivuli hivyo, pampu kwa pampu, niliujenga mimi. Vivuli milioni nne vilimeza jani la mnyamazo, na hakuna hata kimoja kilichopitisha kemikali ile ubongoni kwa kiasi cha kutia shaka.

Vivuli milioni nne. Hakuna hata kimoja kilichozaa kikakaa ndani siku arobaini.

"Amekula nini?" nilimuuliza dada.

"Anakula anachokula mzazi."

"Kitaje kimoja kimoja."

"Makubwa! Leo nakuwa mshitakiwa? Wali kidogo. Samaki wa kuchemsha. Supu ya kuku juzi. Uji."

"Uji wa nini?"

Alinitazama kwa huruma, kama mtu aliyeulizwa maji ni ya nini. "Uji, Saumu. Wa mzazi. Wa pilipili manga."

Bakuli lilikuwa chini ya kitanda, na mabaki yake ya kijivu yakiwa yameshika ukingo. Nililiinua, nikanusa, na pua yangu ikakumbuka kabla yangu. Hidaya alipozaliwa nilikuwa na miaka kumi na saba, na ni mimi niliyetwanga pilipili manga ya huyuhuyu dada yangu kila alfajiri, siku arobaini, mpaka nikawa napiga chafya usingizini. Vijiko vitatu vya kulia kwa sufuria moja, ili tumbo lisafike na maziwa yashuke.

Kabla ya kuupanda mnyamazo tuliwapelekea wanawake elfu mbili dodoso. Unatumia dawa nyingine yoyote? Hakuna. Unakula chakula chochote kisicho cha kawaida? Hakuna. Hawakudanganya. Uji ule si dawa, na kwa mzazi hakuna cha kawaida kuupita. Maswali hayo niliyatunga mimi, kwa Kiswahili sanifu, nikayahariri mara tatu.

"Tangu leo uji bila pilipili manga," nilimwambia. "Na jani basi."

"Na maziwa yatashukaje?"

"Yatashuka."

"Bi. Hadia hapo jirani, mkwewe naye kapasuliwa. Nimwambie?"

"Usimwambie mtu kwanza," nikasema. "Ngoja nihakikishe."

*

Kukifundisha kivuli kunywa uji kulinichukua asubuhi nzima ya kesho yake. Dkt. Elinami Mshana, mkurugenzi wetu, alisimama nyuma ya kiti changu mikono mgongoni, kama ilivyokuwa desturi yake alipoogopa.

Ukali wa pilipili manga una kemikali yake, na kemikali hiyo huzishughulisha pampu zilezile za ukutani. Bakuli moja haliharibu kitu. Mabakuli mawili kila siku, siku baada ya siku, huzichosha pampu, na wakati huohuo hulizuia ini lisiivunje kemikali ya jani, hivyo inayobisha hodi inazidi huku walinzi wakipungua. Katika kivuli cha kwanza lango lilianza kuvuja siku ya tatu. Siku ya kumi lilikuwa wazi. Nikaviendesha vivuli laki moja. Vingi vilisinzia na kufurahi. Kimoja katika kila mia tisa kiliacha kupumua.

"Wazazi wangapi wanatumia jani mkoani?" Mshana aliuliza, ingawa alijua.

"Elfu kumi na moja."

Alikaa. "Basi ni kumi na wawili."

"Kumi na wawili au zaidi. Lazima tutangaze leo: jani la mnyamazo na uji wa pilipili manga visikutane."

"Keti, Saumu."

"Nimeketi."

"Basi nisikilize. Ukiandika sentensi hiyo umeandika mapishi. Vichaka elfu sita viko nje, uani mwa zahanati, vimezungushiwa ua wa minyaa ambao hata mbuzi haumzuii. Pilipili manga iko katika kila jiko kutoka hapa mpaka Horohoro. Kabla ya swala ya Ijumaa kila kijiwe kitakuwa kimekwisha kuujua mchanganyiko, na mchanganyiko huo hauna bei. Unga wa mateja angalau ulikuwa na bei."

"Wanawake watakufa."

"Na vijana hawatakufa? Wewe hukumwona mdogo wangu Nakiete. Aliyauza mabati ya nyumba ya mama yetu yakiwa bado juu ya paa. Mama akawa anakaa sebuleni na mwavuli. Huo ulikuwa unga wa kutafuta kwa shida, wa kuogopa polisi. Huu utachumwa kama mchicha."

"Basi tusimamishe ugavi. Jani lisitolewe."

"Waliopasuliwa jana na leo utawapa nini? Ghala la dawa za zamani tulilifunga sisi wenyewe, tukapiga picha mbele yake. Leo hii naandika wizarani vichaka ving'olewe na dawa za zamani zirudi. Watachukua wiki sita. Katika wiki hizo sita nataka kuwalinda wazazi bila kuwafundisha mateja. Nitafutie maneno."

Ningependa kuandika hapa kwamba nilipinga. Nilitafuta maneno. Mtu aliyezoea kusoma huamini kwamba kwa kila hatari lipo neno linaloigusa bila kuitaja, na nililipata baada ya saa moja. Tangazo lilisema: *Mzazi anayetumia jani la mnyamazo ajiepushe na vyakula vyenye viungo vikali, na akisinzia kupita kiasi apelekwe zahanati.* Mshana alilisoma mara mbili, akasema ni zuri. Tukatia sahihi wote wawili. Lilikwenda kwenye simu za watu saa kumi jioni, na kwenye kuta za zahanati kesho yake.

Kisha nilimpigia Mwanahawa kumuuliza hali ya Hidaya.

"Analia kila akijigeuza," alisema, "lakini yu macho, na mtoto ananyonya. Nimeona tangazo lenu. Mbona uji hamkuutaja?"

"Umetajwa. Viungo vikali."

"Kwangu ulisema pilipili manga."

"Wewe ni dada yangu."

"Na Bi. Hadia je?"

"Mwambie ampeleke mkwewe zahanati akapimwe. Sababu usiseme."

Dada yangu hakusoma zaidi ya darasa la saba, na katika maisha yangu yote sijaona jambo lililomchukua muda mrefu kulielewa. Alisema, "Haya, mdogo wangu," akakata simu.

*

Siku tisa zilipita, na katika siku hizo nilikuwa mtu aliyeridhika kiasi. Zahanati zilileta habari za usingizi mzito mara nne, na mara zote kipinzani kilifika mapema. Vijiweni hapakuwa na fununu yoyote. Nilianza kuamini kwamba tulikuwa tumepata njia ya katikati, mahali ambapo waoga husimama na kujiita wenye busara.

Siku ya tisa asubuhi ililetwa taarifa ya kifo. Riziki, miaka ishirini na sita, siku ya kumi na nane tangu apasuliwe. Aliacha kupumua saa nne asubuhi, mtoto akiwa kifuani pake, na kwa muda fulani hakuna aliyejua, kwa sababu alikuwa akitabasamu.

Nilikwenda matangani mchana uleule, baada ya maziko. Nilijiambia nakwenda kuchunguza. Nilivua viatu penye rundo la viatu, nikaingia chumba cha wanawake, nikaonyeshwa nafasi mkekani karibu na mama wa marehemu, Bi. Mwantumu, mwanamke mrefu aliyekaa wima kama mtu anayesubiri kuitwa ofisini. Mtoto alikuwa amelala mapajani pake ndani ya kanga.

"Shikamoo, mama. Poleni sana."

"Marahaba. Tumeshapoa. Wewe ni wa wapi, mwanangu?"

"Taasisi. Sisi ndio wa jani la mnyamazo."

Bi. Mwantumu alinitazama, akaitikia kwa kichwa taratibu, na alilolisema halikuwa na hasira hata chembe. Alikuwa akijieleza.

"Tulilifuata tangazo lenu," alisema. "Nataka ujue hivyo, ili usije ukaandika kwamba sisi watu wa kupuuza. Siku ileile nikatoa jikoni kila kitu. Pilipili mbuzi, bizari, tangawizi, kitunguu thaumu. Mchuzi nikamkatia kabisa. Samaki nikampikia kwa chumvi, akakataa kula, eti samaki hana ladha. Nikasema basi, mzazi hawezi kukaa na njaa, nikamwongezea uji. Asubuhi, mchana na jioni. Uji mtupu."

"Wa pilipili manga," nikasema.

"Eh. Uji."

Ilinichukua muda kulipanga lililotokea, ingawa lilikuwa rahisi kuliko hesabu yoyote niliyopata kuandika. Katika nyumba ile mabakuli mawili ya uji yaligeuka matatu kwa sababu ya sentensi yangu. Mwanamke yule alikuwa ameondoa viungo vyote, mpaka pakabaki kile peke yake ambacho hakikuwahi kuitwa kiungo na mtu yeyote kati yetu, hata mimi niliyekitwanga.

Ningeweza kunyamaza. Vijana aliowahofia Mshana walikuwa wa kweli, na mabati yale yalikuwa ya kweli. Zaidi ya hayo, mbele yangu alikuwa mama aliyepika kwa mkono wake, na nikisema nilichokijua atakwenda nacho mpaka kaburini kwake. Niliyafikiri haya yote kwa haki, na nikaona kwamba kila sababu ya kunyamaza ilikuwa nzuri, na kwamba zilikuwa nzuri vivyo hivyo siku tisa nyuma.

"Mama," nikasema, "ni uji. Pilipili manga inalifungulia jani njia ya kuingia kichwani. Likiingia kwa wingi linazima pumzi. Tangazo lilikusudia hiyo, ila hatukuitaja."

Hakuna aliyepiga kelele. Mwanamke mmoja aliyekuwa dirishani alisema, "Mungu wangu, Saida," akachukua simu yake. Halafu mwingine. Katika muda wa kumeza mate chumba kizima kilikuwa na simu masikioni.

"Umempa uji? Mwaga. Nasema mwaga, hata uliomo kwenye sufuria."

"Pilipili manga, siyo ya mbuzi. Manga, manga!"

"Usiniulize nani kasema, mwamshe kwanza. Mtie maji usoni. Anaitika?"

"Mpigie na wifi yako wa Pongwe. Kisha naye awapigie kwao."

Nilikuwa nimejenga ukuta wa ubongo kwa miaka sita, na nilikaa pale nikisikiliza habari moja ikilifikia kila jiko la mji kwa robo saa. Ingefika na vijiweni. Hilo nalo nilikuwa nikilisikia, katika kila "manga" iliyopigiwa kelele dirishani, barabarani kukiwa na watu.

Bi. Mwantumu peke yake hakuwa na wa kumpigia.

"Mmelijua lini?" aliuliza.

"Siku tisa zilizopita."

"Ukamwambia nani?"

Nilitarajia maswali mengi, lakini hili sikulitarajia. "Dada yangu," nikasema. "Binti yake alikuwa amejifungua."

"Yu hai?"

"Yu hai."

Alikitazama kitoto kile. Kilikuwa kimeanza kujinyonganyonga na kutafuta kwa mdomo upande wa tumbo lake, mahali pasipokuwa na kitu. Alikitia kidole kinywani, akangoja mpaka kitulie.

"Maziwa anayo?"

"Anayo."

"Safi? Hilo jani lenu halimo?"

"Aliliacha siku hiyohiyo. Halimo tena."

"Umepima, au umetangaza?"

"Nimepima."

Alikifunga kitoto vizuri, miguu kwanza, kisha mikono, bila haraka, kama mtu anayefunga kitu cha safari. Wanawake walikuwa wangali wakizungumza na simu zao. Kisha alikinyanyua, akakiweka mikononi mwangu, na mikono yangu ikakipokea kabla sijaamua.

"Tangu asubuhi amekunywa maji ya sukari," alisema. "Mpeleke kwa dada yako. Anyonye huko mpaka atakapoachishwa. Atakuwa na ndugu wa ziwa moja kwenu, na kila Ijumaa nitakuja kumwona, na utakuwepo."

"Nitakuwepo, mama. Mimi..."

"Nimekupa mtoto anyonye," alisema Bi. Mwantumu. "Msamaha sikukupa. Nenda, atalia."

Nilisimama. Wanawake walinipisha njia bila kunitazama, na nilipofika mlangoni niligundua kwamba sikuweza kuvaa viatu na kumshika mtoto kwa pamoja. Hakuna aliyenisaidia. Niliviacha pale, nikatoka juani pekupeku, na kabla sijafika barabarani mtoto alikuwa ameanza kulia.